Sura ya 9: Magita Mawili Mbele ya Coltrane

Mtu anayetaka kumuenzi mpuliza saksofoni kwa gitaa ana kazi ngumu kabla hata hajachagua wimbo. Saksofoni huishi kwa pumzi. Mpulizaji anaweza kuianza noti kwa upole, akaikuza katikati, akaikwaruza mwishoni. Gitaa halina uwezo huo. Uzi ukishaguswa sauti imeshafika kileleni, na kuanzia hapo inashuka tu hadi inazimika. Ndiyo maana wapiga gitaa wengi wa jazi wa miaka ya 1950, hata walio hodari, walijaza nafasi kwa noti fupi fupi: noti moja isingekaa hewani kwa muda waliotaka.

Mwaka 1973 wapiga gitaa wawili, John McLaughlin wa Uingereza na Carlos Santana mzaliwa wa Mexico, walitoa albamu ya Love Devotion Surrender chini ya kampuni ya Columbia. Ina vipande vitano. Viwili ni vya John Coltrane. Cha tatu ni wimbo wa kanisani ambao Pharoah Sanders, aliyepuliza saksofoni kando ya Coltrane katika miaka yake ya mwisho, alikuwa ameshaurekodi. Viwili vilivyobaki ni vya McLaughlin, ila kimoja kimejengwa kwa ufundi uleule wa Coltrane. Coltrane alikuwa amefariki Julai 1967 akiwa na miaka 40 tu. Wengi wamemuenzi tangu hapo, lakini katika jazi mseto, hii ambayo wapenzi wake huiita fyusheni, sijui rekodi iliyomkabili uso kwa uso kiasi hiki.

Tuanze na walichokikuta. A Love Supreme ilirekodiwa tarehe 9 Desemba 1964 katika studio ya Rudy Van Gelder huko Englewood Cliffs, New Jersey. Walikuwa watu wanne: Coltrane, McCoy Tyner kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi na Elvin Jones kwenye dramu. Waliimaliza kwa kikao kimoja. Ni utungo wa dakika kama 33 wenye sehemu nne, na mbegu yake iko kwenye besi: noti nne anazozipiga Garrison mwanzoni mwa sehemu ya kwanza. Baada ya solo yake Coltrane anazichukua noti hizo na kuzipitisha kwenye funguo zote 12, kana kwamba anagonga kila mlango wa nyumba. Kisha anaweka saksofoni chini na kuziimba kwa mdomo, akirudiarudia jina la albamu, na sauti yake ikarekodiwa mara mbili ili isikike kama ya watu wawili. Wakati wimbo huo ukiendelea, muziki wote unateremka ngazi moja kujiandaa kwa sehemu ya pili. Sehemu ya nne ni ya ajabu zaidi. Coltrane alikuwa ameandika shairi la sala, likachapishwa kwenye jalada. Ukilisoma huku unasikiliza, unagundua kwamba saksofoni inalitamka silabi kwa silabi.

McLaughlin na Santana walizichukua zile noti nne na kuacha karibu kila kitu kingine. Toleo lao halifiki dakika nane. Hakuna sehemu ya pili, ya tatu wala ya nne, na ile safari ya funguo 12 haimo. Linaanza kwa mlipuko wa magita, besi inaingia na mbegu ile, kisha wawili hao wanajibizana hadi sauti za waimbaji zinapokuja na kile kibwagizo cha Coltrane. Hapa ndipo wapenzi wengi wa Coltrane huinua sindano ya santuri. Nawaelewa. Ukiusikiliza kama muhtasari wa A Love Supreme, huu ni muhtasari mbaya, maana umebeba kichwa cha habari na kuacha habari yenyewe.

Lakini kuna namna nyingine ya kuusikiliza, na inaanzia kwenye umeme.

Amplifaya ikifunguliwa kupita kiasi cha kawaida, huwa inakata ncha za mawimbi ya sauti. Mwanzo wa noti, ule ulio mkubwa, unabanwa. Mkia wake, ambao kwa kawaida ungefifia, unabaki juu. Kwa hiyo sikio linasikia noti iliyonyooka badala ya noti inayoanguka. Mpigaji akisogea karibu na spika, mtikisiko wa sauti inayotoka unaurudia uzi na kuutikisa upya, na noti inaweza kukaa hewani hadi mwenyewe achoke. Wapiga roki walikuwa wameigeuza hitilafu hiyo kuwa ufundi tangu miaka ya 1960. Kwa mara ya kwanza gitaa likawa na kitu kinachokaribia pumzi. Bila hilo, albamu hii isingewezekana.

Santana ndiye aliyelijua hilo kuliko wengi. Dunia ilimfahamu katika tamasha la Woodstock, Agosti 1969, na tangu siku hizo alama yake ni noti moja ndefu anayoivuta, anaibembeleza, haiachii. McLaughlin ni mtu wa aina nyingine kabisa. Alizaliwa Yorkshire mwaka 1942, akavuka kwenda New York mapema mwaka 1969, na baada ya siku chache tu akawa studioni na mpiga tarumbeta Miles Davis wakirekodi In a Silent Way. Kufikia 1973 alikuwa akiongoza bendi yake ya Mahavishnu Orchestra na kushika gitaa la shingo mbili, akipiga noti kwa kasi ambayo wengine walihitaji kuipunguza kwenye mashine ili waifuate. Sasa mfikirie Coltrane. Alikuwa na vyote viwili: mafuriko ya noti zisizohesabika, na kilio kirefu cha noti moja inayopanda. Walichofanya McLaughlin na Santana, wawe walikusudia au la, ni kumgawa Coltrane kati yao. Mmoja alibeba kasi, mwingine akabeba kilio.

Mgawo huo unaeleza uzuri na upungufu wa rekodi hii. Tunasikia kwa uwazi vitu ambavyo kwa Coltrane vilikuwa vimefumwa pamoja. Tunachokosa ni mvutano. Kwa Coltrane kasi na kilio vilikuwa vinapigana ndani ya kifua kimoja, na ndiyo sababu A Love Supreme inachosha hata msikilizaji aliyekaa kitini. Kwa hawa wawili vinapeana zamu kwa adabu. Mmoja akimaliza, mwenzake anaingia.

Kinachowaokoa ni bendi. Kwenye kinanda cha Hammond yumo Larry Young wa Newark, ambaye aliitwa Coltrane wa kinanda, na hata hapa hajifanyi kuwa mtu wa roki. Mwaka 1965 Young alirekodi albamu ya Unity, na aliyekaa kwenye dramu alikuwa Elvin Jones mwenyewe, mwaka mmoja baada ya A Love Supreme. Kwa hiyo studioni alikuwapo mtu aliyekuwa amepokea mdundo ule moja kwa moja kutoka mikononi mwa mwenyewe. Kinanda chake hakifuatishi magita. Kinatandaza ukungu chini yao, na pale magita yanapozidi kelele, kinasogeza sauti pembeni kidogo ili yasipate mahali pa kutua kirahisi. Msikilize yeye peke yake kwa mzunguko mmoja mzima. Utarudi kwa magita ukiwa na sikio jingine.

Kisha kuna tumba. Armando Peraza, mzaliwa wa Cuba, alikuwa ameshapiga Marekani kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kujiunga na Santana. Kando yake walikuwapo Mingo Lewis, Don Alias, Mike Shrieve na Billy Cobham, mzaliwa wa Panama. Wakosoaji wa jazi waliona tumba hizo kama viungo vya roki ya Kilatini vilivyomwagwa juu ya chakula kisichovihitaji. Si kweli. Sikiliza tena anachofanya Elvin Jones mwanzoni mwa A Love Supreme: ni mdundo wenye asili ya Afrika na Karibiani. Coltrane alikuwa akiutafuta mdundo wa namna hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1958 alipiga kwenye rekodi ya mpiga tarumbeta Wilbur Harden iitwayo Tanganyika Strut, wakati Tanganyika yenyewe haijapata uhuru, na mwaka 1961 akatoa Africa/Brass. Zaidi ya hayo, ile karatasi aliyopangia A Love Supreme kwa mkono wake, ambayo leo imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, inataja wapiga tumba na mpiga timbale. Hawakuingia studioni mwaka 1964. Waliingia miaka kadhaa baadaye, katika rekodi ya watu wengine.

Naima, kile kipande kingine cha Coltrane, ni kifupi, dakika tatu na kidogo. Coltrane alimtungia mke wake wa kwanza, na toleo la albamu ya Giant Steps lilirekodiwa Desemba 1959. Siri yake iko chini: besi inashikilia noti moja huku piano ikibadilisha rangi juu yake, kwa hiyo wimbo unasogea na haubanduki. McLaughlin na Santana waliupiga kwa magita ya kawaida, bila umeme, bila dramu. Hakuna anayejionyesha. Kwangu hiki ndicho kipande kilichomkaribia Coltrane zaidi katika ubavu wa kwanza, na ni cha pekee humo ambacho hakikujaribu kulingana naye kwa nguvu.

Ubavu wa pili ndio nyama. Kwa zaidi ya dakika 15 wanapiga Let Us Go into the House of the Lord, wimbo wa ibada wa Wamarekani weusi ambao Pharoah Sanders aliurekodi mwaka 1970 akiwa na Lonnie Liston Smith kwenye piano. Kwa Sanders ulikuwa mto mpana usio na haraka. Hapa unaanza hivyo hivyo, magita yakiimba polepole bila mdundo wa kuhesabika, halafu besi na tumba zinakamata kamba na mambo yanageuka. Aliyekulia kwenye muziki wa dansi ataelewa bila kufundishwa: ni kama bendi inapoacha mashairi na kuingia kwenye sebene. Sauti za chini zinajirudia, hazibadiliki, na kwa kuwa hazibadiliki mpiga solo ana uhuru wa kwenda popote. Hilo ndilo funzo kubwa ambalo Coltrane aliwaachia wapiga roki. Jazi ya kabla yake ilidai ufuate mapatano ya sauti yanayogeuka kila baada ya sekunde chache, na kijana wa gitaa aliyetoka kwenye blues alijiona mgeni. Coltrane wa miaka ya 1960 aliweza kukaa mahali pamoja kwa dakika kumi na kuchimba kwenda chini. Santana aliweza kumfuata huko.

The Life Divine, utungo wa McLaughlin, unatumia mbinu ileile ya mbegu fupi na jina linaloimbwa juu yake. Ni A Love Supreme nyingine iliyopewa jina jipya, na nadhani ni bora kuliko ile waliyoiazima waziwazi, kwa sababu hapa hakuna anayelinganisha noti kwa noti.

Suala la dini haliwezi kurukwa. Coltrane aliandika jaladani kwamba mwaka 1957 alipata mwamko wa kiroho. Ni mwaka alioachana na heroini, na albamu yake ni shukrani kwa Mungu ambaye hakumfungia ndani ya dini moja. McLaughlin na Santana walikuwa wafuasi wa Sri Chinmoy, guru aliyezaliwa Bengal na kuishi New York, na maneno matatu ya jina la albamu yanatokana na mafundisho yake. Jaladani wamevaa nyeupe. Guru alimpa McLaughlin jina la Mahavishnu na Santana jina la Devadip. Ilikuwa miaka ya majina mapya. Karibu wakati huohuo mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na katika bendi yake Billy Hart alikuwa Jabali, Buster Williams Mchezaji, na Eddie Henderson, mpiga tarumbeta aliyekuwa daktari wa kweli, akaitwa Mganga. Tofauti ninayoiona ni kwamba sala ya Coltrane ina mapambano ndani yake, na sala ya McLaughlin na Santana inatoka kwa watu walioambiwa kwamba wameshafika. Baadaye wote waliachana na guru huyo.

Albamu iliuzwa vizuri na kupata cheti cha dhahabu Marekani, jambo ambalo rekodi za jazi hazilizoei. Mashabiki wa Santana waliotaka nyimbo za kucheza waliduwaa. Yeye hakurudi nyuma: mwaka 1974 alitoa Illuminations akiwa na Alice Coltrane, mjane wa John. Mwaka 2001 mtayarishaji Bill Laswell alizichanganya upya kanda hizi na nyingine za Santana katika Divine Light.

Mwaka 2011 McLaughlin na Santana walikutana tena jukwaani Montreux, Uswisi, kuupiga muziki huu. Mmoja wa wapiga dramu wao wawili alikuwa Cindy Blackman Santana, mke wa Carlos. Mwaka uliotangulia yeye mwenyewe alikuwa ametoa Another Lifetime, albamu ya kumuenzi Tony Williams, mpiga dramu ambaye mwaka 1969 aliwaweka McLaughlin na Larry Young katika bendi moja.