Tokeni yako ya stima si siri. Haya ndiyo ya kulinda

Kuna swali ambalo wateja wetu hawachoki kutuuliza: "Nimetuma meseji ya tokeni kwenye grupu la familia kimakosa. Je, kuna mtu anaweza kuitumia kwake?" Jibu ni hapana. Unaweza hata kuibandika kwenye mlango wa duka, na bado hakuna jirani atakayewasha taa kwa tokeni yako. Cha ajabu ni kwamba mtu huyohuyo aliyeingiwa na jasho kwa sababu ya tokeni ndiye ameacha kijana wa dukani ajue PIN yake, au anatuma pesa ya stima kwa namba ya mtu binafsi kwa sababu "anauza kwa bei poa".

Basi leo tuongee mita. Mita ile ya tokeni unayoijua, na hii mpya ya smati inayoingia mitaani.

Ndani ya zile tarakimu 20

Mita zetu za tokeni zinatumia mfumo unaoitwa STS. Ulizaliwa Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati kampuni ya Eskom ilipokuwa ikipeleka stima kwa nyumba nyingi ambazo hazikuwa na anwani ya posta wala akaunti ya benki. Kutuma bili kwa watu hao kusingewezekana, kwa hivyo walitaka mita ambayo mtu analipa kwanza, halafu anatumia.

Jambo la kuelewa ni kwamba mita ya kawaida ya tokeni haiongei na mtu. Haina laini ya simu, haina intaneti. Iko pale ukutani au juu ya nguzo, bubu na kiziwi. Sasa inajuaje kwamba umelipa? Kila mita ina ufunguo wake wa siri uliowekwa ndani, na mfumo wa kuuza tokeni una njia ya kupata ufunguo uleule. Ukilipa, mfumo unachukua idadi ya yuniti na dakika ambayo tokeni imetolewa, unavifungia pamoja kwa ufunguo wa mita yako, na kinachotoka ni zile tarakimu 20. Mita yako ndiyo pekee inayoweza kuzifungua. Kwa jirani ni takataka tu.

Na kwa sababu dakika ya kutolewa imo ndani, mita inakumbuka ilichokwisha kukubali. Ukiingiza tokeni ileile mara ya pili inakataa. Kwa hivyo ukiona mita imekataa, usikimbilie kusema umeibiwa. Uliza kwanza kama mtoto hakuwa amekwisha kuiingiza.

Hesabu hiyo ya dakika ndiyo iliyotuletea purukushani ya 2024. Mfumo ulianza kuhesabu tarehe 1 Januari 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu. Piga hesabu, utafika Novemba 24, 2024. Ndiyo maana wateja walionunua tokeni wakati ule walipata mafungu matatu ya namba badala ya moja: mawili ya kubadilisha ufunguo wa mita, la tatu ndilo yuniti zenyewe. Hesabu mpya inayoanzia 2014 itatufikisha 2045. Kwa hivyo mtu akikupigia leo akisema mita yako "itazimwa usiku huu" usipolipa ada ya kuisasisha, kata simu. Hata wakati ule kusasisha kwenyewe hakukuwa na ada.

Je, mfumo huu unaweza kuchezewa? Marehemu Ross Anderson, profesa wa Cambridge aliyeshughulika na mita hizi tangu mwanzo, alisimulia kisa kimoja cha Afrika Kusini. Aina moja ya mita ilikuwa na kasoro: nguvu ya stima ikishuka kutoka volti 220 hadi karibu 180, mita inachanganyikiwa na kujijaza yuniti hadi juu kabisa. Vijana wa mtaa waligundua. Wakaanza kurusha minyororo ya chuma juu ya nyaya za volti 11,000 ili mtaa mzima ujazwe! Tafadhali usijaribu, hizo nyaya zinaua. Lakini angalia vizuri: hakuna aliyevunja zile tarakimu 20. Walipita kando yake. Hali ni hiyohiyo na wale wa "tokeni hewa" waliosumbua Eskom kwa miaka. Waliiba mashine za kuuzia tokeni, wakauza tokeni halali kabisa ambazo pesa yake haikufika kwa kampuni.

Sasa rudi kwa yule jamaa anayeuza tokeni za elfu moja kwa mia tano. Hawezi kuzitengeneza mwenyewe bila ufunguo wa mita yako. Kwa hivyo ama atakula mia tano yako na kukuachia namba ambayo mita haiitambui, ama tokeni imetoka kwenye mfumo uliovamiwa. Hiyo ya pili ni mbaya zaidi kwako, kwa sababu mita inayotumia stima bila rekodi ya kununua inaonekana mapema au baadaye, na atakayeulizwa ni mwenye mita.

Pesa inapotea kabla ya kufika kwenye mita

Kutokana na kazi yetu, tunaweza kusema hivi: hatari kubwa ya mita ya stima iko kwenye simu, katika zile sekunde chache kabla hujabonyeza PIN.

Namba ya mita ina tarakimu 11, na ile ya mwisho ni mlinzi. Inapatikana kwa kukokotoa zile kumi za kwanza kwa njia iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa IBM, njia ileile inayotumika kwenye kadi za benki. Ukikosea tarakimu moja hesabu haikubali. Ukipindua mbili zilizo jirani, karibu kila mara haikubali vilevile. Lakini mlinzi huyu hakusaidii ukiwa umehifadhi namba ya mita ya nyumba uliyohama mwaka jana. Hiyo ni namba sahihi kabisa, ila si yako. Utalipa, tokeni itatoka, na haitaingia kwenye mita yako mpya hata ukiisukuma vipi. Siku ya kuhama, futa namba ya zamani kwenye simu kabla hata hujafungua masanduku. Na ukishakosea, toa taarifa kwa Kenya Power mara moja, kwa sababu tokeni ikishaingizwa upande ule, kilichobaki ni kumbembeleza mpangaji mpya.

Namba ya Paybill ya tokeni za Kenya Power ni 888880. Wenye bili ya mwisho wa mwezi hutumia 888888. Ziangalie vizuri, zimetofautiana kwa tarakimu moja. Kabla ya kuweka PIN, simu inakuonyesha jina la unayemlipa. Tunajua wengi wenu hulipita hilo jina bila kulisoma, hasa giza likiwa limeingia na ugali uko nusu. Lisome. Likiwa ni jina la mtu, simama hapo.

Meseji ya tokeni ikichelewa, usiende kuuliza kwenye mitandao ya kijamii ukiwa umeweka namba ya simu na ya mita hadharani. Kuna kurasa bandia zinazojiita huduma kwa wateja, na kazi yake ni kungojea mtu kama wewe. Watakujibu kwa upole kuliko kampuni yenyewe! Baadaye wataomba "namba iliyoingia kwenye simu yako sasa hivi", na hapo ndipo akaunti inapoondoka. Piga *977# mwenyewe, au 97771. Kupitia hiyo *977# unaweza pia kuhakikisha kama yule fundi aliyesimama mlangoni akisema mita imechezewa kweli ni mfanyakazi. Mwombe namba yake ya kazi. Faini inayolipwa papo hapo kwa simu ya fundi si faini.

Mita ya mwenye ploti

Hapa ndipo wapangaji wengi wanaumia, na kusema kweli hapazungumzwi vya kutosha. Kwenye ploti nyingi kuna mita moja kubwa ya Kenya Power, halafu kila chumba kina mita ndogo aliyoiweka mwenye nyumba. Mpangaji ananunua tokeni kwa Paybill ya kampuni binafsi, na tokeni ni zilezile za tarakimu 20. Inafanana na ya Kenya Power kwa kila kitu, ila si ya Kenya Power. *977# haiijui mita yako.

Usalama wa mita ndogo una tundu ambalo hakuna ufunguo wa siri unaoweza kuliziba. Unaweza kuwa na yuniti 40 kwenye kisanduku chako na ukae gizani, kwa sababu pesa uliyolipa ilikwenda kwa mwenye ploti, naye hajalipia mita kubwa. Pesa yako ni salama kwa maana ya kwamba imefika ilikotumwa. Stima ndiyo haikufika.

Kuna na la bei. Tangu 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa: wanaotumia hadi yuniti 30 kwa mwezi wana bei ya chini kabisa, halafu wa hadi 100, halafu wa zaidi ya 100. Chukua ploti ya vyumba 12, kila mmoja anatumia yuniti 20. Kila mpangaji peke yake angestahili ile bei ya chini. Lakini mita kubwa inaona yuniti 240 na haijui kwamba nyuma yake kuna familia 12. Wote wanapanda bei, kisha juu yake huongezwa ada ya kampuni ya mita. Ukiona yuniti zako ni chache kuliko za rafiki yako kwa pesa ileile, mara nyingi hilo ndilo jibu, wala si wizi wa mtandaoni. Swali la bei lipeleke kwa mwenye nyumba kwanza, na likishindikana kuna EPRA.

Mita ikianza kuongea

Mita smati si bubu tena. Ina laini ndani yake, inatuma matumizi yako na inapokea amri. Kenya Power ilianza na wateja wakubwa na wafanyabiashara, na kampuni za mita ndogo nazo zimeingia kwa kasi. Faida zipo: tokeni inaingia yenyewe bila kubonyeza, stima ikikatika kampuni inajua kabla hujapiga simu.

Lakini kitu kinachopokea amri kinaweza kuamriwa na asiyestahili. Mwaka 2010, FBI walichunguza wizi wa stima huko Puerto Rico na kuona kwamba mita smati zilikuwa zimebadilishwa kwa kifaa kidogo kinachowekwa mbele ya tundu la mwanga la mita. Waliohusishwa ni watu waliozijua mita kwa kazi yao, na walilipwa na wenye nyumba. Mwaka 2014, watafiti wawili wa Uhispania walionyesha kwamba mita za aina moja nchini mwao zilikuwa na ufunguo mmoja zote. Linganisha na mfumo wa tokeni ambapo kila mita ina wake.

Halafu kuna habari ambazo mita inazitoa kukuhusu. Instanti shawa inavuta kilowati kadhaa kwa dakika chache, friji inawaka na kuzima kwa mpangilio wake, pasi ina mwendo wake. Mtafiti George Hart wa MIT alionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba ukiutazama mkondo wa stima ya nyumba nzima unaweza kutambua vifaa vilivyomo. Mwishoni mwa 2011 watafiti wa Ujerumani walichukua mita iliyotuma vipimo kila sekunde mbili bila kuvificha, wakaweza kutambua filamu iliyokuwa ikionyeshwa kwenye televisheni. Ndiyo, filamu! Uholanzi, baraza la seneti lilikuwa limekataa mwaka 2009 kuwalazimisha watu kuweka mita hizi, kwa sababu ya faragha.

Mita inayosomwa mara moja kwa siku haiwezi kufika huko, kwa hivyo usiing'oe ukutani. Ila inatosha kumwonyesha mtu kwamba nyumba haina mtu tangu Ijumaa. Kwenye ploti yenye mita ndogo za smati, mtu huyo huwa ni msimamizi mwenye apu kwenye simu yake, na mara nyingine apu hiyohiyo ina kitufe cha kukuzimia stima kodi ikichelewa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakupa haki ya kujua data yako inatumiwaje na kuomba kuiona, na inamhusu mwenye ploti kama inavyoihusu benki. Kabla ya kulipa diposi, muulize mambo haya na uombe majibu kwa meseji ili yabaki kwenye simu: mita kubwa inalipiwa na nani na lini, yuniti moja ni shilingi ngapi baada ya ada zote, nani anaona matumizi ya chumba chako, na nani anaweza kuzima. Akisema hajui anayezima ni nani, mwombe namba ya kampuni iliyoziweka mita umpigie yeye akiwa hapo.