Filimbi ya Kuazima

Katika lugha yetu mtu ashikaye filimbi hupewa sifa mbili ambazo aghalabu twazichanganya bila ya kuzitazama vizuri: twamwita mwamuzi, kwa kuwa huingia kati ya wagombanao akawatenga kabla hawajaumizana, kisha twasema kwamba anachezesha, na katika kitenzi hicho cha pili, ambacho kila kijana wa mchangani hukitamka mara kumi kwa siku, mna elimu ambayo haimo katika sheria zote 17 za mchezo, kwa sababu kinakiri kwamba mpira haujichezi, bali wako wauchezao na yuko awachezeshaye. Nimepuliza filimbi katika viwanja vya mkoa wa Singida kwa muda wa miaka kumi na minane, toka Manyoni hata Kiomboi, na tangu magoti yaliponikataza mbio nimekuwa nikiwafundisha vijana kazi hiyo. Na swali niulizwalo kuliko yote ni hili, kwamba mwamuzi aliyeletwa mahali pa mwenziwe ana ila gani hata watazamaji wamchukie kabla hajakosa, na mbona pengine huletwa mgeni wakampokea kama mvua ya kwanza.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu, katika kijiji kimoja upande wa Ilongero, siku ya fainali ya kombe ambalo zawadi yake ilikuwa fahali. Ulikuwa mwezi wa Julai, alizeti imekwisha vunwa, na upepo wa kipupwe ukiburura vumbi toka goli moja hadi la pili. Waamuzi watatu waliotoka mjini kwa pikipiki walikuwa wakidai posho ya raundi mbili, na walipoambiwa wastahimili hata viingilio vihesabiwe, hawakutukana wala hawakuondoka. Walivua viatu, wakaketi chini ya mgunga. Kamati ikatazama huku na huku, ikamwona mwalimu wa shule ya msingi, mtu mnyofu aliyezihifadhi sheria za mpira kama alivyozihifadhi jedwali za kuzidisha, ikamtia filimbi mkononi. Mimi nilikuwapo kwa mwaliko tu, na nakiri kwamba nilifurahi, nikidhani kuwa mtu ajuaye sheria atafaa.

Hakufaa, na sababu yake ndiyo kiini cha makala haya. Mwamuzi wa kati hukimbia kwa mshazari, toka karibu na pembe moja ya uwanja kuelekea pembe inayoikabili, ili mpira na wachezaji wakae siku zote baina yake na mshika kibendera, na kila tendo litazamwe kwa pande mbili. Mwalimu wetu hakuwa na mshazari. Aliufuata mpira kama ndama amfuatavyo mama yake, na kwa hiyo kila alichokitaka kukiona alikuwa amekisogelea mno, na kila asichokitaka kilitendeka nyuma ya kisogo chake. Katika dakika ya ishirini hivi mshambuliaji aliotea, mshika kibendera akainua kibendera chake, akakaa nacho juu hata mkono ukamchoka akaushika kwa mkono wa pili, ilhali mwalimu anatazama kwingine na mchezo unaendelea. Na goli lilipofungwa, huyu anaonyesha katikati ya uwanja, yule anaonyesha kuotea, na watu mia kadhaa wakaingia ndani ya chokaa kutoa fatwa.

Mshazari hufundishika kwa juma moja. Lisilofundishika upesi ni mizani. Mwamuzi mzoefu huitumia rafu ya kwanza, hata ikiwa ndogo, kuwatangazia wachezaji wote mpaka wake uko wapi: kwa namna ya mlio wa filimbi, kwa kumkazia mtu macho, kwa kumwita nahodha akamnong'oneza neno moja ambalo watazamaji hawalisikii; na wachezaji, ambao katika jambo hili wana akili kuliko sisi waalimu wao, huupima mpaka huo kwa dakika kumi, wakiuona umesimama huuheshimu, na wakiuona unacheza huusukuma hata ukaanguka. Rafu ya kwanza mwalimu aliichekea, ya pili akaitolea kadi ya njano, ya tatu, iliyokuwa mbaya kuliko zote mbili, akaiacha ipite kwa kuwa alikuwa bado anaandika jina la yule wa pili. Tangu hapo hakuchezesha tena, alichezeshwa.

Na maneno aliyoyapata! “Mwalimu, rudi ukasahihishe madaftari!” akapaza sauti mama mmoja muuza karanga, na kijana aliyekuwa juu ya baiskeli akaongeza kwamba ng'ombe hajachinjwa na refa amekwisha shiba. Nikageuka kutazama walikoketi wanakamati, chini ya turubai, na chupa za soda mikononi, fedha za viingilio zikiwa ndani ya mkoba mbele yao: hakuna hata mmoja aliyewaelekezea neno. Ghadhabu yote ilimwangukia mtu mmoja ambaye katika ugomvi ule hakuwa mdai wala mdaiwa.

Yaliyotokea chini ya mgunga ule yaliwahi kutokea mbele ya ulimwengu mzima, katika mpira wa Kimarekani, ule wa kushikwa kwa mikono na kuvaliwa kofia ngumu. Mwaka 2012 wenye ligi yao kubwa, NFL, walihitilafiana na waamuzi wao juu ya ujira na zaidi juu ya pensheni, kwani waajiri walitaka kuiondoa pensheni ya kiwango kilichoahidiwa na kuweka mahali pake akiba ambayo mafao yake hutegemea bahati ya soko. Wengi husema kwamba waamuzi wale waligoma. La, walifungiwa nje, na tofauti si ndogo, maana katika mgomo mfanyakazi ndiye aziwekaye zana chini, na katika kufungiwa nje mwajiri ndiye afungaye mlango. Mahali pao wakatiwa watu waliotoka katika vyuo vya daraja za chini na katika shule za sekondari, kwa kuwa waamuzi wa vyuo vikubwa hawakupatikana. Na mmoja wao ilibidi aondolewe katika mchezo wa New Orleans saa chache kabla haujaanza, ilipobainika kwamba yeye mwenyewe ni mshabiki wa timu ya mji huo. Msomaji wa Kitanzania atatabasamu hapa, nami simzuii.

Watazamaji walilalamika kwa majuma matatu, na Jumatatu ya tarehe 24 Septemba, mjini Seattle, mpira wa mwisho wa mchezo uliporushwa juu na kuangukia mikononi mwa watu wawili wa timu mbili, waamuzi wawili wakasimama juu ya miili ile, mmoja akainua mikono kuashiria kwamba Seattle wamepata alama, na mwenziwe akapunga yake kwa ishara nyingine. Kumbuka mshika kibendera wa Ilongero. Seattle walipewa ushindi wa 14 kwa 12 juu ya Green Bay, na siku mbili baadaye mapatano yakapatikana: ya miaka minane, ujira ukipanda, na pensheni ya zamani ikibaki kwa muda kwa waliokuwamo kazini. Waamuzi wenyewe walipoingia uwanjani Baltimore tarehe 27, umati ulisimama ukawapigia makofi, watu walewale ambao kwa kawaida huwazomea.

Huku kwetu Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004, imeikubali haki ya kugoma na ya kufungia nje, nayo inakataza kuwatumia wafanyakazi wa badala katika mgomo halali; lakini ngao hiyo ni ya mwajiriwa, ilhali mwamuzi wetu huteuliwa mchezo kwa mchezo na kulipwa mchezo kwa mchezo, na siku nyingine ni mwalimu, au askari, au mfanyabiashara. Kwa hiyo yeye akidai, hahitaji hata kufungiwa mlango, haitwi tena tu. Naona hii ndiyo sababu ya migogoro ya waamuzi kwetu kwenda kimya kimya, na ya watazamaji kuona mabadiliko ya sura katikati ya uwanja bila ya kujua kisa chake.

Hata hivyo si kila filimbi ya kuazima huleta fadhaa. Mwezi wa Novemba 2010 waamuzi wa Uskoti waligoma kwa sababu ya heshima yao, baada ya uaminifu wao kutiwa shaka hadharani na vilabu na washabiki kwa majuma kadhaa; chama chao cha mpira kikaagiza waamuzi kutoka Luxembourg, Israel na Malta, wengine walioitwa wakakataa, na ligi haikusimama. Wageni wale walikuja na mshazari wao na mizani yao, nao hawakuwa wanafunzi. Walichokosa ni kuwajua wachezaji, na mchezo mmoja huweza kuvumilia upungufu huo.

Ndipo tufike Kariakoo, kwa watani wa jadi. Mchezo wa Yanga na Simba wa tarehe 8 Machi 2025 uliahirishwa siku ileile uliokuwa uchezwe, baada ya Simba kusema kwamba walizuiwa kufanya mazoezi katika Uwanja wa Benjamin Mkapa jioni ya kuamkia siku hiyo. Yanga wakafika uwanjani, Simba hawakufika, na mabishano yakaendelea kwa miezi mitatu na nusu. Hatimaye ulipochezwa, tarehe 25 Juni, filimbi ilikuwa mikononi mwa mwamuzi wa Misri, Amin Omar, na Yanga wakashinda 2 kwa 0, goli la kwanza likiwa la penalti. Niliutazama katika banda umiza hapa Singida mjini, tumebanana hata jasho la jirani likawa langu, na penalti ile ilipotolewa nilisubiri kelele nilizozizoea, ya kwamba refa ni wa fulani na kalipwa na fulani. Wa Simba walinung'unika, ndiyo, walisema amekosea. Lakini mzee mmoja aliyekuwa mbele yangu, kofia nyekundu kichwani, alisema, “Mwarabu huyu hana shemeji Jangwani,” yaani kwa Yanga, akanyamaza.

Maneno ya mzee yule yana maana kubwa. Seattle walikuwa na imani na waamuzi wao, wakanyimwa ustadi; Kariakoo ustadi ulikuwapo, imani ndiyo iliyokwisha. Nami nasema wazi kwamba kuazima imani toka Cairo kwa siku moja hakukunifurahisha, kwa kuwa Singida Black Stars wakicheza nyumbani mchezo wao wa kawaida hawaletewi Mmisri, wala kijana niliyemfundisha mimi, atakayechezesha siku hiyo, hakuongezewa chochote na siku ile isipokuwa tashwishi.

Fainali ya Ilongero iliisha kwa mikwaju ya penalti, na fahali akaenda zake na washindi. Mwalimu alivuka uwanja peke yake hadi kwenye mgunga, akaifuta filimbi kwa ncha ya shati, akampa mwenyewe, kijana mmoja wa wale waamuzi watatu. “Shikamoo, Mwalimu,” yule kijana akamwambia, naye akaitikia, kisha akauliza kwamba mpira wa kona ukipigwa toka upande ule, yeye alipaswa asimame wapi. Kijana, ambaye posho yake ilikuwa bado ndani ya mkoba chini ya turubai, aliokota kijiti, akachora goli mchangani, akapiga mstari mrefu wa mshazari, akamwonyesha.