Baiti na Herufi: Fanksheni ya strscpy katika Kiini cha Linux

Kiini cha mfumo endeshi wa Linux kimeandikwa kwa sehemu kubwa katika lugha ya C, ambamo mfuatano wa herufi haubebi taarifa ya urefu wake. Ukomo wake huonyeshwa na baiti moja ya sifuri. Baiti hiyo ikikosekana, kompyuta huendelea kusoma data isiyohusika, pengine ya siri. Fanksheni kongwe ya kunakili, strncpy, haihakikishi kuwapo kwake. strlcpy huihakikisha, lakini husoma chanzo chote ili kurejesha urefu wake, jambo la hatari iwapo chanzo chenyewe hakina ukomo. Ndipo strscpy ilipoongezwa katika toleo la 4.3, mwaka 2015: hunakili kinachoenea, huweka sifuri, na hurejesha namba hasi matini inapokatwa. strlcpy ilikuja kuondolewa mwaka 2024, katika toleo la 6.8.

Hata hivyo, strscpy huhesabu baiti, si herufi. Katika usimbaji wa UTF-8, Kiswahili cha hati ya Kilatini hakidhuriki, kwani kila herufi ni baiti moja (ritifaa ya ng’ ikichapwa kwa umbo la kupinda, hiyo ni baiti tatu). Herufi za hati ya Kiarabu, iliyohifadhi tenzi za pwani, ni baiti mbili mbili, na mkato waweza kuangukia katikati ya herufi. Kwa hiyo istilahi “urefu wa mfuatano” haitoshi katika miongozo ya Kiswahili pasipo kubainisha kinachohesabiwa.