Kifua Kikuu Hushika Hata Ngozi

Mtu akitaja kifua kikuu, wengi wetu tunafikiri kikohozi cha siku nyingi, makohozi yenye damu na mwili kukonda. Ni kweli, maana ugonjwa huu hupenda sana mapafu. Lakini jina lake lisitudanganye. Vijidudu vyake, ambavyo Daktari Robert Koch alivitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, vyaweza kukaa katika mifupa, katika tezi, na hata katika ngozi. Kifua kikuu cha ngozi ni cha nadra, na kwa sababu hiyo mgonjwa aweza kuzunguka miaka na kidonda chake, akipakwa hili na kunyweshwa lile, asipatikane mtu wa kufikiri kumpima.

Utakitambuaje? Hakina sura moja. Zifahamu hizi tatu.

Kwanza, cha shingoni. Mtoto au kijana huota uvimbe shingoni, chini ya taya au kwapani. Hauumi sana wala hauna moto kama jipu, ndiyo maana wazazi hawaujali. Baada ya majuma au miezi hulainika, ngozi ya juu hugeuka rangi, kisha hupasuka na kutoa usaha. Tundu hufunga hapa, likafunguka pale, na kuacha makovu ya mikunjo. Asili yake ni tezi iliyo chini ya ngozi. Zamani huko Uingereza na Ufaransa wagonjwa wa namna hii walipelekwa kwa mfalme awaguse, wakiamini kwamba mkono wake huponya. Tusiwacheke, maana hata kwetu wapo wanaompeleka mtoto akachanjwe chale juu ya tezi. Wembe hauondoi vijidudu. Huongeza mlango wa vidonda vingine.

Pili, cha usoni. Huanza kama kipele chekundu au cha kahawia puani, shavuni au sikioni. Huenea polepole mwaka hata mwaka, katikati kikiacha kovu na pembeni kikisonga mbele. Kikiachwa, chaweza kula pua au sikio. Daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1903 kwa kazi yake ya kutibu ugonjwa huu kwa mwanga. Siku hizi tunavyo vidonge.

Tatu, kinachofanana na chunjua. Huota mkononi, mguuni au gotini mahali palipochubuka na kuingia vijidudu. Ni kigumu, kina magamba, na hukua taratibu. Wachinjaji wanaoshika nyama ya ng'ombe mgonjwa huweza kukipata.

Sasa angalia neno hili. Magonjwa mengi hufanana na hayo: choa na fangasi nyingine, kansa ya ngozi, na ukoma, ambao mabaka yake mara nyingi hayasikii mguso. Basi jirani asikupe jina la ugonjwa kwa kukutazama tu. Shika kanuni hii nyepesi: uvimbe au kidonda kisichopona kwa mwezi mzima, hata kama hakiumi, kipelekwe zahanati au hospitali.

Huko daktari atauliza habari za nyumbani: je, yuko anayekohoa muda mrefu? Je, mgonjwa hutoka jasho usiku, ana homa, amepungua uzito? Usimfiche. Aweza kumchoma sindano ndogo ya kipimo mkononi na kuisoma baada ya saa 48 hadi 72. Lakini hiyo peke yake haitoshi, kwani huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana na vijidudu. Kipimo kikubwa ni kukata kipande kidogo cha ngozi, au kuvuta maji ya tezi kwa sindano, na kupeleka maabara vikatazamwe kwa hadubini na kuoteshwa. Kuotesha huchukua majuma kadhaa, basi vumilia. Kifua nacho hupigwa picha, makohozi hupimwa, na hupimwa pia virusi vya Ukimwi, ambavyo hudhoofisha mwili.

Dawa zake ni zile zile za kifua kikuu cha mapafu: kwa kawaida miezi 2 ya dawa nne, kisha miezi 4 ya dawa mbili. Mkojo ukigeuka rangi ya chungwa, usiogope. Ni kazi ya dawa. Hatari ni kuacha njiani. Kidonda hukauka mapema, mtu akajiona mzima akatupa vidonge, na vijidudu vilivyobaki hurudi vikiwa vigumu kuuawa.

Na sisi wa nyumbani tufanye nini? Tufunike kidonda chenye usaha, tuchemshe maziwa, na watoto wachanga wapate chanjo ya BCG. Zaidi ya yote, tusimfiche mgonjwa chumba cha nyuma wala kumnyima nafasi kwenye benchi la kanisa. Kumshika mkono hakuambukizi. Kinachoambukiza kwa hewa ni kikohozi cha mwenye ugonjwa mapafuni, na huyo apimwe upesi pamoja na wote wanaoishi naye.

Mficha maradhi kilio kitamfichua. Bwana wetu hakuogopa kumnyoshea mkono mwenye ukoma. Basi jioni ya leo tazama shingo na nyuso za watoto wako, na ukiona dalili, kesho asubuhi shika njia ya zahanati.