Keleka Alipanga Picha Kabla ya Mchoraji

Ukitoka Nchelenge, nchini Zambia, ukafuata bonde la Luapula kuelekea kusini, unafika Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda. Kila Julai, kwenye sherehe ya Mutomboko, Mwata hucheza mbele ya umma akiwa na mukonso, nguo pana yenye mikunjo mingi, na nshipo, mkanda wa ngozi. Mavazi ya aina hiyo yalielezwa na kuchorwa zamani katika kitabu cha António Gamitto, afisa Mreno aliyefika na msafara wa Monteiro kutoka Tete mwaka 1831. Kitabu kilichapishwa Lisbon mwaka 1854, na aliyechorwa ni Mwata Kazembe wa nne, Keleka.

Tumezoea kuihesabu picha hiyo kuwa kazi ya Mreno. Nadhani tunamnyima Keleka haki yake. Gamitto anasimulia mapokezi yenyewe: ngozi za chui zimetandazwa, mikia ikielekea nje mfano wa nyota, juu yake ngozi kubwa ya simba, juu ya hiyo kiti kilichofunikwa kitambaa cha kijani, na Mwata amekaa hapo, kichwani taji refu la manyoya mekundu. Mgeni hakupanga lolote kati ya hayo. Aliyeamua jicho lianze wapi na liishie wapi ni mwenye kuchorwa.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni fahari ya cheo tu, na tabia ya mtu haionekani kwenye manyoya. Ingekuwa hivyo kama mavazi yangesimama peke yake. Lakini msafara uliondoka mwaka 1832 bila kupata biashara uliyoitaka. Aliyetawala walichokiona wageni ndiye aliyetawala pia walichokipata. Ni utashi uleule. Wala hatuwezi kusema Gamitto alimpamba kwa shukrani, maana alirudi mikono mitupu, na bado akaandika juu ya mtu wa miaka kama hamsini, mwenye ndevu ndefu zinazoanza mvi na haiba ya kifalme.

Livingstone, mvumbuzi Mskoti aliyefika Ziwa Mweru Novemba 1867, alimkuta Mwata mwingine. Akaandika kuhusu uso mzito usio na ndevu na macho yenye makengeza. Sura tunaipata, ila mtu mwenyewe haonekani. Kwa Keleka, ngozi zile na kile kiti vinatueleza zaidi.