Kwa nini seva ya baruapepe huchoka kusubiri, na kwa nini jambo hilo linamgusa mkazi wa Kasese

Jioni ya Jumatano 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchini Uganda. Ilirejea Jumatatu iliyofuata, tarehe 18.

Tuchukulie kwamba usiku ule mnunuzi wa kahawa aliyeko Ulaya aliandikia chama cha ushirika cha Kinyamaseke, mji mdogo wa biashara kwenye njia ya kutoka Kasese kwenda Bwera na mpaka wa Mpondwe. Kama sanduku la barua la chama lilikuwa kwenye seva iliyowekwa ndani ya nchi, ujumbe huo haukuwa na pa kupita. Hata hivyo, haukupotea papo hapo. Ulibaki kwenye foleni ya seva iliyoutuma, ukijaribiwa tena na tena.

Waraka wa RFC 5321 wa mwaka 2008, ambao ndio kanuni ya usafirishaji wa baruapepe, unashauri seva isijaribu tena kabla ya dakika 30 kupita, na kwa kawaida isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Programu ya Postfix hujiwekea siku 5. Msimamizi aliyepunguza muda huo hadi siku 4 ili kupunguza foleni, seva yake ingerudisha barua kwa mwenyewe Jumapili usiku, saa chache tu kabla ya Uganda kurudi hewani.

Hodi na majibu yake

Kabla ya barua kusafiri, itifaki ya TCP hupiga hodi: kompyuta hutuma pakiti ndogo na kungoja iitikiwe. Kwa desturi za Waswahili, mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka. Mfumo wa Linux una subira zaidi. Kwa miaka mingi umepiga hodi mara 7, ukiongeza maradufu muda wa kungoja kila mara: sekunde 1, kisha 2, kisha 4, hadi jumla ya sekunde 127.

Kwa kompyuta ya nyumbani hilo si kitu. Kwa seva yenye shughuli nyingi ni mzigo mzito. Postfix, isipobadilishwa, huendesha kazi 100 kwa wakati mmoja katika kila aina ya huduma. Nafasi moja iliyoshikwa na seva isiyojibu kwa sekunde 127 hufanya majaribio 28 tu kwa saa. Ikiachiwa baada ya sekunde 30, hufanya 120. Nafasi hizo zikijaa wafu, barua za walio hai husimama nyuma yao. Ndiyo maana Postfix huweka kikomo cha sekunde 30 katika hatua hii.

Kishawishi ni kushuka zaidi, mpaka sekunde 5. Hapo ndipo maeneo yenye mtandao dhaifu huumia. Kwa mpangilio huo wa Linux, hodi hupigwa papo hapo, kisha katika sekunde ya 1, ya 3, ya 7 na ya 15. Sekunde 5 hutoa nafasi 3. Sekunde 30 hutoa 5. Kwenye njia ambayo nusu ya hodi hazijibiwi, jaribio 1 kati ya 8 litashindwa badala ya 1 kati ya 32. Hali kama hiyo si ya kufikirika: tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo.

Si kila subira ni ya kupunguzwa

Kosa baya zaidi, kwa maoni yangu, ni kutumia tarakimu moja kwa hatua zote. Barua ikishatumwa yote, mtumaji hungoja neno la kuthibitisha kwamba imepokelewa, na kanuni inampa dakika 10. Muda huo unaonekana mrefu kupita kiasi, lakini seva inayopokea huenda bado inaichunguza barua. Mtumaji akikata mapema, ataituma upya, na mpokeaji atapata nakala mbili. Tatizo hilo lilielezwa tangu 1988, katika waraka wa RFC 1047. Kwa karani wa ushirika, hizo ni ankara mbili za shehena moja.

Kwa upande wa seva inayopokea, Postfix ina mbinu ya busara. Kwa kawaida humvumilia mteja aliyenyamaza kwa sekunde 300. Nafasi zote zikijaa, hushusha uvumilivu huo hadi sekunde 10, na msongamano ukipungua huurudisha yenyewe, bila msimamizi kuamshwa usiku. Aliyekatwa wakati huo hapotezi barua yake, mradi seva iliyomtumia bado inaishikilia kwenye foleni.