Ngoma ni Chama: Desturi za Wanachuo wa Sanaa Bagamoyo

Jioni ya onyesho, katika Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, kazi huanza kabla mtu hajacheza hatua moja. Ngoma lazima zikanzwe. Wanafunzi hukoka moto wa makuti na vifuu, wakazipanga ngoma kuuzunguka, nyuso za ngozi zikielekea mwali. Upepo wa bahari una unyevunyevu. Ngozi huunyonya, ikalegea, na ngoma iliyolegea haina sauti ya kumwinua mchezaji. Mpigaji huigonga kwa vidole, akasikiliza, akaigeuza kidogo, akagonga tena. Akiwahi kuiondoa, itamwangusha katikati ya wimbo. Akizembea, ngozi itapasuka na onyesho limeharibika. Wenzake wanamtegemea, naye anajua.

Hapo ndipo mgeni anapoanza kuielewa jamii hii. Kwa watu wa pwani, burudani tangu zamani imekuwa na wenyewe, na hao wenyewe wana viongozi, michango na masharti. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana wa Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam waliunda vyama vya ngoma ya beni. Vyama vya Marini na Arinoti vilishindana kwa gwaride, tarumbeta, mavazi na mashairi ya kupigana vijembe. Kila chama kilikuwa na ngazi ya vyeo, kuanzia kingi na jenerali hadi mwanachama wa kawaida. Kilikuwa na wajibu pia: mwanachama akifiwa, wenzake walimzika ndugu yake; akisafiri, alipokelewa na tawi la mji aliofikia.

Wanawake walikuwa na vyao, vikiwamo vya ngoma ya lelemama. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake katika chama cha siasa cha TANU jijini Dar es Salaam, hakuanzia kwenye mikutano ya hadhara. Yeye mwenyewe alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma, hivyo alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, nao wakawaita watu wao. Katika miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wamechukua kadi. Mtandao uliozoea kuchangishana kwa ajili ya sare na karamu ulibeba siasa ya uhuru bila kuyumba.

Chuo cha Bagamoyo kimejengwa juu ya urithi huo. Mwezi Desemba 1962, Mwalimu Julius Nyerere alipoeleza sababu ya kuunda wizara ya utamaduni na vijana, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza dansi za kigeni huku ngoma za kwao zikiwapita kando. Baadaye kikaundwa kikundi cha taifa cha ngoma, na vijana wakapelekwa China kujifunza sarakasi. Vikundi vya taifa vilipovunjwa, ujuzi wao haukuachwa upotee: mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na baadhi ya wasanii wale wakawa walimu. Mwaka 2007 chuo kikawa wakala wa serikali kwa jina la TaSUBa.

Miongoni mwa walimu hao alikuwa Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ala za zeze na ilimba, aliyefariki mwaka 2003 baada ya kuupeleka muziki wa Wagogo kwenye majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Hakuwafundisha wanachuo peke yao. Nyumbani kwake Bagamoyo watoto na ndugu walikua wakipiga na kuimba, na mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose walitoa albamu yao, Maisha, kwa jina la The Zawose Queens. Zamani, katika ngoma nyingi za Kigogo, zeze lilikuwa mikononi mwa wanaume. Leo wanawake wa ukoo huo ndio wanaosimama mbele.

Kwa mwanafunzi mpya, desturi ya kwanza ya chuoni ni kujifunza ngoma isiyo ya kwao. Kijana wa Mtwara aliyezaliwa kwenye ngoma ya sindimba anakabidhiwa jembe la bugobogobo ya Wasukuma. Msichana wa Mwanza anajifunza kiuno cha Kimakonde. Anarekebishwa na mwenzake mwenye ngoma hiyo, hata kama darasani yeye ndiye anayemzidi alama mwenzake huyo. Heshima hutoka kwa anayetaka kujua na kwenda kwa anayejua, na kesho yake hugeuka.

Ngoma moja inaonyesha vizuri jinsi urithi unavyozunguka. Mganda wa watu wa Ziwa Nyasa huchezwa na wanaume waliovaa nadhifu, mara nyingi nguo nyeupe, katika mistari iliyonyooka, kwa hatua za gwaride na vibuyu vinavyolia kama tarumbeta. Asili yake ni beni, iliyosambazwa kutoka pwani na askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa hiyo mganda unapopigwa Bagamoyo, ngoma imerudi pwani ilikotoka, ikiwa imekaa ziwani muda wa kutosha kupata ukoo mwingine.

Nje ya jukwaa, mpangilio wa uongozi na wajibu ni uleule. Katika vyuo vya Tanzania, serikali ya wanafunzi kwa kawaida huwa na waziri au kamati ya michezo na burudani. Hao ndio wanaotafuta mipira na jezi, wanaopanga bonanza la Jumamosi na usiku wa kuwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, na wanaosuluhisha ugomvi wa nani atumie uwanja. Mashindano ya vyuo vikuu nchini huratibiwa na TUSA, chama cha michezo cha vyuo vikuu. Huko sekondari, UMISSETA huweka michezo na sanaa chini ya umoja mmoja, hivyo kijana hufika chuoni akiwa ameshaona kwaya, ngoma na soka vikipiganiwa kwa ari ileile.

Kilele cha mwaka ni Tamasha la Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, lililoanza mwaka 1982. Kwa siku kadhaa wanachuo hupanda jukwaani pamoja na vikundi kutoka mikoani na nchi nyingine. Watu wa mjini nao huja: akina mama na kanga zao, wavuvi, watoto wanaojipenyeza mbele. Kama onyesho limewagusa, hawangoji makofi ya mwisho. Mtu huinuka, huenda hadi kwa mchezaji na kumtuza, noti ikabandikwa kwenye paji la uso lenye jasho. Hakuna mtihani wa darasani unaotoa majibu haraka hivyo.

Sanaa ya wasomi imewahi kutoka nje ya kuta pia. Miaka ya 1980, Penina Muhando, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi ya maigizo na wanakijiji wa Msoga, katika Wilaya ya Bagamoyo. Wanakijiji walizungumza matatizo yao, wakayatengenezea michezo kwa ngoma na nyimbo wanazozijua, wakayaigiza, kisha wakajadiliana wafanye nini. Wasomi hawakuwapelekea mchezo ulioandikwa tayari.

Mwaka 2002 jumba la maonyesho la chuo liliungua, na jengo jipya likajengwa baadaye. Jumba laweza kujengwa upya kwa fedha za wafadhili. Chama cha ngoma hakijengeki hivyo. Kinahitaji muda wa mazoezi kwenye ratiba, wazee wanaojua ngoma walipwe wanapokuja kufundisha, na viongozi wa wanafunzi wapewe bajeti wanayoweza kuisimamia wenyewe. Vyuo vinavyoihesabu burudani kuwa kazi ya muda uliobaki vinapoteza shule ya uongozi ambayo pwani hii imeiendesha kwa zaidi ya karne moja. Wakuu wa vyuo waliangalie jambo hili kwenye bajeti ijayo. Na wewe msomaji uliye Dar es Salaam, Bagamoyo ni mwendo wa kama kilomita 70 tu: tamasha lijalo likitangazwa, nenda na watoto, na ubebe noti za kutuza.